Kwanza Teremsha Kalenda

Kazi ya kutengeneza ukuta wa ndani huanza kwa kuteremsha kalenda. Namaanisha ile ya mwaka uliopita zamani, yenye picha ya askofu, ya mchezaji wa mpira au ya chupa ya bia, ambayo hakuna anayesoma tarehe zake tena na hakuna anayethubutu kuigusa. Nyuma yake kuna tundu. Wenyeji wote wanalijua, na mgeni naye anahisi lipo, maana kwake pia iko kalenda ya namna hiyo. Iteremshe. Kisha ondoa kioo, ondoa picha ya harusi iliyotundikwa chini mno hadi bwana harusi anatazamana na mguu wa kiti, ondoa na kabati lililosukumwa kwenye kona ambako halina kazi yoyote. Ukuta ukibaki mtupu utaona una majeraha mengi kuliko uliyokuwa ukiyahesabu. Fungua dirisha, mwanga uingie wote, na watoto waitwe waone. Wao ndio watakaorithi ukuta huu.

Mwongozo huu nauandikia nyumba za Kaniama, upande wa Haut-Lomami nchini Kongo, kaskazini-magharibi ya Kamina, na nyumba zote zilizo ndugu zake, ziwe Mwene-Ditu, Kalemie au Kigoma. Kaniama ni mji wa reli. Kampuni ya BCK, iliyoundwa mwaka 1906, ndiyo iliyotandika njia ya kutoka Bukama kupitia Kamina na Kaniama hadi bandari ya Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui wakati ule, na mwaka 1928 njia nzima ilifunguliwa. Kwa reli hiyo yalikuja manjanja, yaani mabati ya kuezekea, misumari ya kiwandani na mifuko ya simenti. Lubudi, yenye kiwanda chake cha simenti, iko kwenye mtandao uleule wa reli, upande wa kusini. Kabla ya hapo ukuta ulitokana na vitu vilivyokuwa chini ya miguu na pembeni mwa njia: miti, nyasi na udongo.

Na udongo wa hapa si wa kudharau. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya wakati wa Wabelgiji, ilikuwa na kituo Kaniama, na katikati ya miaka ya 1950 ilichapisha ramani ya udongo na uoto wa eneo hili. Wataalamu wale walikuwa wakifikiria mimea na mifugo. Mfyatua matafali angewaambia jambo jingine: udongo mwekundu wenye mfinyanzi unashika, unakubali kufinywa, na ukichomwa vizuri unalia ukiugonga. Ndiyo maana leo kwenye mtaa mmoja utakuta nyumba ya matafali ya kuchoma, na jirani yake nyumba ya matafali mabichi yaliyokaushwa juani tu, na zote mbili zimevikwa plasta ya simenti kwa sababu simenti ni heshima. Mvua zikianza, kama mwezi wa Oktoba, mpaka zikatike Aprili, nyumba ya kwanza inasimama na plasta yake. Ya pili inavua nguo mbele za watu.

Kabla ya kushika mwiko, tuyamalize haya ya kuziba matundu kwa vitu vya jikoni. Dawa ya meno imetengenezwa kwa ajili ya meno. Ukiipaka kwenye tundu la msumari itang'aa kwa juma moja, kisha itapasuka, itageuka njano, na chumba kitaendelea kunusa mnanaa bila sababu. Sabuni haipokei rangi. Gazeti lililolowekwa maji ni karamu ya mchwa. Bukari, yaani ugali, ni chakula cha watu, tena chakula kizuri. Ukikishindilia ukutani unalisha panya na mende, na hao wakishakula watapanua tundu ili wafuatilie ladha. Nimeona ukuta wa sebule wenye mistari ya bukari mkavu kwenye nyufa zote, na mwenye nyumba anashangaa kwa nini paka hatoki sebuleni. Paka yuko kazini.

Sasa misumari.

Iko ya aina mbili, na watu wanaichanganya. Kuna msumari wa dari, wa plafo, uliofungia vibao vya tripleksi kwenye mbao za juu. Kuna na msumari wa ukutani, ule wa kutundikia vitu. Wa dari hujitokeza wenyewe kichwa chini, ukisukuma rangi hadi ifanye chunusi, siku nyingine ukianguka kabisa ndani ya sahani. Wa ukutani hulegea, ukabeba kipande cha plasta na kuondoka nacho. Dawa zake hazifanani hata kidogo.

Msumari wa dari ukijitokeza, jambo la kwanza kulielewa ni kwamba msumari haukusogea. Mbao ndiyo iliyosogea. Mti uliokatwa juzi na kupasuliwa jana una maji mengi ndani yake, na mbao za namna hiyo ndizo zinazouzwa kwa haraka na kupigiliwa kwa haraka. Kadiri miezi ya kiangazi inavyopita chini ya manjanja yenye joto, mbao inakauka na kunywea. Ncha ya msumari imeng'ang'ania ndani kabisa, haitoki pale ilipo. Lakini uso wa mbao unarudi nyuma, ukiacha mwanya kati yake na tripleksi. Siku upepo ukiipiga dari, au mtoto akipanda juu kumtafuta paka, tripleksi inasukumwa kufunga mwanya ule, na kichwa cha msumari kinabaki nje. Kwa hiyo anayepanda kiti na nyundo kuurudisha msumari uleule kwenye tundu lilelile anafanya kazi ya bure. Tundu limekwisha kupanuka, mbao haijarudi ilipokuwa, na kabla ya Krismasi kichwa kitakuwa kinakuchungulia tena.

Fanya hivi. Mtu mmoja asukume tripleksi kwa kiganja mpaka ilale kwenye mbao bila mwanya. Mwingine atie skrubu umbali wa vidole vitatu hivi kutoka kwenye msumari ule, na skrubu nyingine upande wa pili, zote zikiingia kwenye mbao ileile, vichwa vikizama kidogo tu chini ya uso bila kupasua tabaka la juu. Skrubu ina meno, inashika kwa urefu wake wote, nayo mbao ikinywea tena kidogo haitaachia kirahisi. Baada ya hapo ung'oe msumari wa zamani au uuzamishe, maana kazi yake imekwisha. Kama huna skrubu, tumia misumari yenye pete mwilini, na isiwe mirefu kupita kiasi. Watu wanadhani msumari mrefu zaidi ni mwaminifu zaidi. Kwenye mbao mbichi, kadiri ncha inavyozama ndani ndivyo sehemu kubwa ya mbao inavyonywea kati ya ncha na kichwa, na ndivyo kichwa kinavyojitokeza zaidi.

Kuhusu kuziba: kichwa cha chuma kipake kwanza rangi ya mafuta, tone moja, kikauke. Usipofanya hivyo kutu itapenya rangi nyeupe ya maji na utapata doa la kahawia katikati ya dari, na mama mkwe atalitazama doa hilo muda wote wa ziara yake. Kisha chukua vumbi la msumeno lililochekechwa, lichanganye na gundi ya seremala mpaka liwe zito, ujaze shimo kwa kisu butu, ukiacha linyanyuke kidogo juu ya uso kwa sababu litanywea likikauka. Kesho yake msasa. Na fundi anayekujengea dari mpya, mwambie waziwazi kabla hajapanda ngazi: "Yaya, mbao zilale kwanza." Zipangwe chini ya paa, zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, kwa miezi, siyo kwa siku. Atakuambia hana nafasi. Mpe nafasi nyuma ya jiko.

Msumari wa ukutani una hadithi yake, na mara nyingi mkosaji ni chandarua. Chandarua kina pembe nne, kwa hiyo misumari minne, na kila usiku kinavutwa kushushwa na kila asubuhi kinavutwa kupandishwa. Hakuna plasta iliyoahidi kuvumilia hivyo. Ongeza na tabia ya kupiga msumari wa mbao kwenye ukuta wa matafali: unajikunja, unachomolewa, unapigwa tena kando, na mwisho kuna tundu la ukubwa wa kikombe na msumari mmoja unaoning'inia kwa huruma. Chandarua tunakihitaji, malaria iko. Basi kamba zake zipandishwe juu, kwenye ndoano zilizoskrubiwa katika mbao za dari, ambako kuna kitu cha kushika. Ukuta upumzike.

Kwa vitu vizito vya kutundika ukutani, kuna njia ya mafundi wa zamani ambayo haihitaji umeme wala mashine. Toboa taratibu kwa kipande cha nondo kilichonolewa, ukikizungusha kila baada ya pigo, mpaka uingie ndani ya tofali lenyewe, siyo ndani ya plasta tu. Puliza vumbi litoke, ukifumba macho. Chonga kijiti cha mti mgumu uliokauka, kinene kidogo kuliko tundu, kipigilie kwa nguvu mpaka kifike sawa na uso. Skrubu sasa iingie kwenye kijiti. Kijiti kikavu kitanyonya unyevu kidogo kutoka ukutani na kuvimba, kikabana zaidi. Vile vya plastiki vinavyouzwa sokoni hufanya kazi hiyohiyo kama tundu lina kipenyo chake sawasawa. Afadhali zaidi, weka ubao mmoja mwembamba wa mlalo kwenye sebule, ufungwe kwa vijiti vichache vilivyofanywa vizuri, na kila kitu kitundikwe kwenye ubao huo: picha, saa, diploma ya mtoto, rozari. Watu wa pwani walilimaliza jambo hili kwa namna nzuri sana. Katika nyumba za zamani za Lamu walijenga zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu ndani ya ukuta na kurembwa kwa plasta ya chokaa, wakaweka humo vyombo vyao vya thamani bila kuudhuru ukuta.

Tuje kwenye plasta yenyewe, krepi kama mafundi wetu wanavyoiita, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea.

Gonga kwanza. Tumia kifundo cha kidole au mpini wa bisibisi, uende mstari kwa mstari kutoka chini kwenda juu, ukisikiliza. Mahali plasta imeshika tofali, sauti ni fupi na kavu. Mahali imeachia, sauti ni ya chombo kitupu. Zungushia chaki pale palipoachia. Utashangaa: tundu la nyuma ya kalenda lina ukubwa wa kiganja, lakini mduara wa chaki unafika ukubwa wa meza. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kuurudisha msumari mahali pake. Usikate tamaa. Kinachosikika kitupu lazima kitoke chote, hata kama kwa macho ni kizima, kwa kuwa ukiweka kiraka kipya kwenye ukingo uliolegea, kiraka kitashikana na kitu ambacho chenyewe hakijashikana na chochote, na vyote viwili vitaanguka pamoja. Kata kwa patasi na nyundo nyepesi, ukilaza patasi ili ukingo uwe na mteremko wa ndani, kiraka kipate pa kujifungia. Usipige ukielekea tofali.

Kisha uulize ukuta kwa nini. Swali hili ndilo ninalotaka msomaji wangu alibebe kuliko kipimo chochote cha mchanga. Plasta haianguki kwa uzee. Inasukumwa, na mara nyingi anayesukuma ni maji. Kama uharibifu uko chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti au kiuno, na umeacha unga mweupe wenye ladha ya chumvi, maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi. Yanapofika kwenye uso yanakauka na kuacha chumvi, na chumvi ikiganda nyuma ya plasta inaibandua. Kama doa liko juu, karibu na dari, tazama paa: msumari wa manjanja uliopoteza kofia yake ya mpira unaweza kuloanisha chumba kizima. Kama liko nusu ya ukuta wa nje, simama uwani siku ya mvua uone maji ya paa yanaangukia wapi na yanarukia wapi. Bila mfereji wa paa, mvua ya Januari inachimba handaki chini ya upenu, inarusha matope ukutani na kuuloanisha msingi. Hapo jembe ndilo kifaa cha kwanza cha kutengeneza plasta ya ndani. Chimba mfereji, elekeza maji mbali, shusha udongo uliorundikana nje mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani, hamisha na lile beseni la kufulia linalomwagwa kila siku pembeni ya ukuta wa chumba cha kulala. Ukuta ukiwa bado umelowa, kiraka chochote ni sadaka kwa mvua.

Nyufa nazo zisomwe. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kila upande ni plasta iliyokauka upesi au iliyotiwa simenti nyingi mno; hizo hazimuui mtu. Ufa unaofuata mshazari kutoka kona ya dirisha, au unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye viungo vya matafali, unasema habari za msingi au za linta. Paka tone la chokaa laini juu yake, andika tarehe kwa penseli, uache mvua zipite. Tone likibaki zima, ufa umelala na unaweza kuuziba. Likikatika, ukuta unatembea, na anayehitajika ni fundi wa msingi, siyo wa rangi.

Sasa ndipo tunapofika kwenye jambo linaloniuma. Ukuta wa matafali mabichi kuvikwa simenti ni mtu anayetoka jasho kuvikwa koti la mvua na kufungwa vifungo vyote. Tofali la udongo linanyonya unyevu na kuutoa, linavimba kidogo na kunywea kidogo, mwaka mzima. Plasta ya simenti ni ngumu na haifuati. Maji yanaingia kwa ufa mdogo, yanakosa njia ya kutoka, udongo nyuma ya simenti unalainika na kuwa uji, na siku moja bamba zima linateremka likiwa zuri, limenyooka, na tabaka la tofali limeganda mgongoni mwake. Mwenye nyumba anasema simenti ilikuwa mbaya. Anauza mbuzi, ananunua mfuko mwingine, anaongeza kipimo ili safari hii ishike kweli. Inakuwa ngumu zaidi, na inaanguka mapema zaidi. Watu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaujua ugonjwa huu kwenye majumba yao ya mawe na chokaa: simenti ikipakwa juu, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza ukiwa umevaa vizuri.

Simenti iliyozaa hii tunayoitumia ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, na mwenye hataza alikuwa Joseph Aspdin. Kwa historia ya kuta ni kitoto kichanga. Plasta ya udongo ilikuwepo maelfu ya miaka kabla yake, na bado inasimama pale inapoheshimiwa. Kule Djenné, nchini Mali, msikiti mkuu uliojengwa upya mwaka 1907 ni wa udongo wote, na kila mwaka mji mzima unatoka kuupaka upya, wazee wakisimamia, vijana wakikimbia na makapu ya matope. Hakuna anayewaita maskini. Nyumba yako ya Kaniama inastahili heshima hiyohiyo, na haihitaji hata ngazi ndefu.

Plasta ya udongo ya ndani inatengenezwa hivi. Chukua udongo wenye mfinyanzi, ule uliofyatulia matafali ni mzuri kwa kuwa ni damu moja na ukuta, uchekeche. Huko kusini ya Katanga wanapenda udongo wa kichuguu, na wana haki, mchwa wamekwisha kuusaga. Ongeza mchanga, mwingi kuliko udongo, kama ndoo mbili kwa moja, lakini usiniamini mimi: jaribu. Paka viraka vitatu vya ukubwa wa sahani, kimoja chenye mchanga kidogo, kimoja wa kati, kimoja mwingi. Siku vitakapokauka, kilichopasuka kinahitaji mchanga zaidi, kinachoachia unga kwenye kidole kinahitaji mfinyanzi zaidi, na ambacho hakijafanya lolote ndicho chako. Katakata nyasi kavu za urefu wa kidole, changanya, tia maji, ukanyage kwa miguu, kisha ufunike uache uchache kwa siku kadhaa. Utanuka. Majirani watauliza. Nyasi zikianza kuoza zinatoa utelezi unaofanya mchanganyiko ushike na usipasuke haraka. Chakula cha jioni kinaweza kuliwa nje siku hizo.

Ukuta uloweshwe, usitiririke. Bonyeza tabaka la kwanza kwa kiganja, kwa nguvu, liingie kwenye viungo vya matafali. Mkono unajua mahali penye upungufu kabla ya mwiko. Likwaruze, likauke. Tabaka la pili liwe jembamba na laini, lisawazishwe kwa bao, na likianza kugoma kidole lisuguliwe kwa sponji au kitambaa chenye maji kidogo. Juu yake paka chokaa ya maji au udongo mweupe. Wakati mzuri ni mvua zikishakatika, kuanzia Mei, lipate kiangazi chote cha kukauka polepole. Tundu likitokea mwaka ujao, loweka mahali hapo na upake tena udongo uleule. Hakuna mfuko wa kununua.

Kwa nyumba ya matafali ya kuchoma, simenti ni mwenzake halali, na hapa kanuni ni chache. Mchanga uwe wa mtoni na msafi. Tia kiasi kwenye chupa, jaza maji, tikisa, uache usiku kucha: asubuhi tope likiwa safu nene juu ya mchanga, uoshe au utafute mwingine. Safisha jeraha kwa brashi ngumu, ulimwagie maji siku iliyotangulia na tena asubuhi, kwa sababu tofali la kuchoma lenye kiu litanyang'anya plasta maji yake kabla haijashika. Tengeneza uji mzito wa simenti moja kwa mchanga mbili na uurushe kwa mwiko, urushe kweli, mpaka ukuta uwe na vipele. Uache siku moja au mbili ukiulowesha. Kisha plasta yenyewe, simenti moja kwa mchanga tano, isizidi unene wa kidole kimoja kwa tabaka. Jeraha likiwa na kina, fanya matabaka mawili na usiongeze simenti kwenye la juu. La juu lisiwe na nguvu kuliko la chini. Changanya kile utakachokimaliza ndani ya saa moja. Plasta iliyoanza kuganda kwenye toroli, ukiitia maji ikalainika, imekwisha kufa, hata kama inaonekana inacheza.

Na maji. Simenti haikauki ikawa ngumu. Inakunywa maji ikawa ngumu. Nyunyizia kiraka asubuhi na jioni kwa wiki moja, au kitundikie gunia lililolowa. Najua maji yanatoka wapi. Yanatoka kisimani, kichwani mwa mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mama au msichana ambaye hakuulizwa kama anataka plasta. Basi mwenye wazo la kutengeneza ukuta ndiye achote ya kiraka. Ndoo mbili kwa siku zinakitosha kiraka na zinamfundisha mwanamume mengi kuhusu njia ya kisimani.

Kama mkono wako haujui mwiko, tafuta fundi, na Kaniama hawakosekani. Kituo cha Service national (huduma ya taifa) cha Kaniama-Kasese, kilichosikika nchi nzima tangu mwaka 2020 vijana wa magenge ya Kinshasa wanaoitwa kuluna walipoanza kupelekwa huko, kinafundisha kilimo na pia ufundi wa mikono, uashi ukiwemo. Kijana aliyejifunza kupiga plasta anahitaji ukuta wa kupiga. Mpatie wako. Ila akija, usimwambie tu "ziba hapa." Mwonyeshe mduara wa chaki, mfereji uliouchimba, tone la chokaa lenye tarehe, na umwambie ukuta ni wa matafali ya aina gani. Akisema hayo yote hayana maana na kwamba simenti inatosha kila mahali, mpe maji ya kunywa, mshukuru na umwite mwingine.

Rangi ije mwisho, na ije kwa uvumilivu. Plasta mpya ya simenti ina ukali unaoila rangi ya mafuta na kuifanya inate na kubanduka. Ipe wiki nne hivi. Tabaka la kwanza la rangi ya maji liongezewe maji kidogo lipenye. Usiku, weka taa au tochi pembeni kabisa ya ukuta, mwanga ukiulalia, na utaona kila kilima na bonde ambavyo mchana vilijificha. Pitisha msasa hapo, futa vumbi, paka tena kuanzia kona hadi kona badala ya kuzunguka kiraka peke yake, maana rangi mpya katikati ya rangi ya zamani inaonekana hata na asiyevaa miwani.

Na fundi, mkubaliane mapema kabla hajaanza: sehemu kubwa ya malipo siku anayomaliza, na sehemu ndogo mvua kubwa ya kwanza ikishapita. Siku hiyo aje, agonge ukuta mbele yako kuanzia chini kwenda juu. Sauti ikiwa fupi na kavu kila mahali, mpe salio lake lote palepale, mkononi, kabla hajaweka chini kikombe cha chai.